Karani wa Timu: Mafunzo Niliyopata Nikiwatafutia Vijana wa Mikindani Njia ya Mpira wa Kulipwa

Kuna mtu aliyezaliwa Mombasa ambaye klabu yake ilitwaa ubingwa wa MLS, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2019. Ukimtaja kwenye viwanja vya Mikindani, wengi hawamjui. Nyota wa Kenya kama Wanyama na Mariga wanawajua. Olunga ndiye usiseme: vijana watakusimulia mabao manane aliyowafunga Kyoto Sanga Novemba 2019, siku klabu yake ya Kashiwa Reysol iliposhinda 13–1 huko Japani, utadhani walikuwa jukwaani. Ukisema Handwalla Bwana, wanakuuliza anachezea timu gani ya Likoni.

Mimi mwenyewe nilimfikia kupitia makaratasi. Nawafundisha vijana mpira huku Mikindani, bara ya Mombasa, katika eneo bunge la Jomvu. Ukocha ni wa jioni. Saa nyingine, tangu vijana waliposikia kwamba kuna vyuo Marekani vinavyomsomesha mtu kwa sababu ya mguu wake, nimekuwa karani: natafuta vyeti, najaza fomu kwenye saiba, nawaandikia makocha nisiowajua wala wasionijua. Haya niliyojifunza nimeyapata kwenye ukarani huo zaidi kuliko uwanjani.

1. Ukitaka kuielewa njia, tazama karatasi za waliopita

Bwana alizaliwa mwaka 1999 kwa wazazi waliokimbia vita Somalia. Wazee wa huku wanazikumbuka kambi za wakimbizi zilizokuwa Mombasa miaka ya 1990, kama Utange na Hatimy, na hata hapa jirani Jomvu, kabla hazijafungwa na watu kuelekezwa Kakuma na Dadaab. Yeye alikulia Kakuma. Mwaka 2010 familia ilipewa makao Marekani, na baadaye ikatulia Seattle. Akasoma sekondari ya Ballard, akaingia akademia ya Seattle Sounders, akachezea Chuo Kikuu cha Washington misimu miwili, na Januari 2018 Sounders wakamsajili kama mchezaji waliyemlea wenyewe. Kanuni ya MLS inairuhusu klabu kumchukua kijana wa akademia yake bila kumpitisha kwenye SuperDraft, ule utaratibu wa klabu kuchagua wanachuo kwa zamu.

Sasa mweke kando ya Philip Mayaka. Huyu ni mzaliwa wa Nairobi. Alikwenda Marekani mwaka 2017 kusoma Montverde, shule ya bweni iliyoko Florida, akaendelea Chuo Kikuu cha Clemson, na Januari 2021 Colorado Rapids wakamchagua wa tatu kwenye SuperDraft. Wa tatu kati ya wanachuo wote wa nchi kubwa kama ile! Nilipowasomea vijana habari hiyo walishangilia kana kwamba amechaguliwa mtoto wa Magongo.

Wote wawili walipitia chuo, lakini hawakufika mezani na karatasi za aina moja. Kila klabu ya MLS hugawiwa nafasi nane za wachezaji wa kigeni, nafasi ambazo klabu huuziana. Mwenye ukaazi wa kudumu hahesabiwi mgeni, wala mkimbizi aliyepokewa rasmi. Aliyekuja kwa viza ya masomo anahesabiwa. Kwa hiyo vijana wawili wenye kiwango kimoja wanaweza kuwa na gharama mbili tofauti kwa klabu ileile, na hakuna kocha atakayekwambia hilo waziwazi. Sisemi Bwana alisajiliwa kwa ajili ya karatasi, mpira aliujua. Nasema kambi, pamoja na shida zake zote, ilikuwa na mlango wa ukaazi ambao kijana wa Mikindani mwenye wazazi wote wawili na chumba cha kupanga hana. Inaudhi kuliandika, lakini ndivyo ilivyo, na kijana anafaa kulijua mapema ili apange safari inayomhusu yeye, asiige ya mwingine.

2. Chuo kidogo si aibu

Vijana wakisikia Marekani hutaja vyuo walivyoviona kwenye filamu. Mimi huwatajia Lawrence Olum. Mzaliwa wa Nairobi, 1984. Chuo chake ni Missouri Baptist, mjini St. Louis, chuo cha kanisa kinachocheza katika NAIA, chama cha vyuo ambacho wengi hata hawajakisikia kwa kuwa masikio yote yako kwa NCAA, chama kikubwa zaidi. SuperDraft haikumkumbuka. Alianzia madaraja ya chini: Minnesota Thunder, Austin Aztex, kisha Orlando City mwaka 2011, msimu ambao Orlando walikuwa mabingwa wa ligi yao. Mwaka huohuo Sporting Kansas City wakamchukua, naye ana karibu miaka 27.

Miaka 27. Huku kwetu mchezaji wa umri huo ambaye hajafika ligi kuu ameshaambiwa na shangazi zake wote atafute kazi bandarini. Desemba 2013, Sporting walitoka sare 1–1 na Real Salt Lake katika fainali ya MLS, wakashinda 7–6 kwa penalti, na Olum alikuwa bingwa. Baadaye alichezea pia Portland Timbers na Minnesota United.

Mganda Michael Azira alipita njia inayofanana na hiyo. Alisoma Lindsey Wilson, chuo cha NAIA kilichoko Kentucky, akachezea Charleston Battery daraja la chini, na mwaka 2014 akawa mchezaji wa Seattle Sounders. Wote wawili walikuwa viungo wakabaji, watu wa kukata mipira na kuigawa. Nina dhana yangu hapa, na mnisamehe kama nakosea: kiungo mkabaji hapotezi thamani haraka kama winga, kwa hiyo ana muda wa kungojwa. Winga wa miaka 26 asiyejulikana hangojwi na mtu.

3. Saa huanza kukimbia siku ya mwisho ya KCSE

Hili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote.

Desturi yetu inajulikana. Kijana anamaliza KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Novemba. Anapumzika. Matokeo yanatoka. Anachezea timu ya mtaa, halafu timu ya ligi ya kaunti, halafu, akibahatika, daraja linalolipa posho. Anafanya vibarua kwenye yadi za makontena. Miaka miwili, mitatu inapita, jina linakua, na hapo ndipo anapokuja: "Kochi, nimeiva sasa, nitafutie Marekani."

Kwa macho yetu ameiva kweli. Kwa macho ya kanuni za NCAA ambazo nimekuwa nikizisoma, amechelewa. Kwa mchezaji wa mpira wa miguu, kanuni hizo humpa mtu mwaka mmoja tu baada ya kumaliza sekondari. Baada ya hapo, kila mwaka anaocheza mashindano rasmi, yale yenye ratiba, refa na jedwali, humlia msimu mmoja kati ya minne anayoruhusiwa kuchezea chuo. Ligi ya kaunti ambayo kwetu ni kukuza kipaji, kule inahesabiwa deni. Aliyekaa nyumbani akilala anaweza kuwa na misimu mingi kuliko aliyejituma. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea Kiingereza.

Halafu kuna suala la malipo. Nauli na chakula cha siku ya mechi si tatizo. Mshahara na mkataba ndivyo vyenye maswali. Kwa hiyo kijana akiniambia timu fulani imemwita kusaini, nauliza kwanza kama bado anaitaka njia ya chuo. Akisema Bandari FC imemwita, hapo nakaa kimya kidogo. Ni klabu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na kwa familia nyingi za Changamwe na Mikindani hakuna ndoto inayoshikika zaidi ya hiyo. Sina haki ya kumwambia mtu aache mkono wa karibu kwa ajili ya barua pepe ambayo haijajibiwa.

Kanuni za NCAA hubadilishwa mara kwa mara, na NAIA wana zao, kwa hiyo kila mwaka nasoma upya. Kwa mfano, tangu 2023 mtihani wa SAT si sharti la NCAA, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuudai. Lililobaki palepale ni alama za darasani: Kiingereza, hesabu, sayansi. Nina mshambuliaji ambaye mabeki wa Miritini wanamkimbia, lakini hesabu inamkimbiza yeye.

4. "Mwalimu, hiyo skolashipu yaliwa?"

Swali la mama mmoja, mfanyabiashara wa viazi karai, mtu wa hesabu kamili. Nilikuwa nimemweleza kwa furaha kwamba mwanawe amepata ufadhili. Akaniuliza kama yaliwa, yaani kama italipa na chakula, na kitanda, na ndege. Jibu lilikuwa hapana, si yote.

Neno skolashipu hutuletea picha ya kila kitu kulipwa. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza la NCAA iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 9.9 tu, na timu hizo zina wachezaji zaidi ya 20. Kocha anafanya nini? Anaukata vipande: huyu nusu, yule robo, mwingine vitabu peke yake. Mwaka 2025, baada ya kesi kubwa mahakamani, kikomo hicho kiliondolewa kwa vyuo vilivyokubali utaratibu mpya, na badala yake pakawekwa kikomo cha idadi ya wachezaji. Kuruhusiwa kutoa zaidi si sawa na kuwa na pesa za kutoa. Ukisikia umepewa ufadhili, uliza ni wa asilimia ngapi, na ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote minne.

Kilichobaki baada ya ufadhili ndicho kinachovunja watu. Chuo hakitoi fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, mpaka familia ionyeshe uwezo wa kulipa sehemu iliyobaki. Kuna ada ya SEVIS, mfumo wao wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, dola 350. Kuna ada ya viza, dola 185. Kuna safari ya kwenda kuhojiwa ubalozini Nairobi, ambako unaweza kuambiwa hapana kwa dakika chache na pesa zako hazirudi. Ukishafika, viza hiyo ya mwanafunzi, F-1, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, wakati wa muhula si zaidi ya saa 20 kwa wiki. Nje ya chuo hapana, ila kwa ruhusa maalum. Hata yale malipo mapya ambayo wanamichezo wa vyuo wa Marekani wanayapata kwa kutumia majina na sura zao, mwanafunzi wa kigeni anayatazama kwa mbali tu, kwa sababu viza yake ni ya masomo.

Mama yule alisikiliza yote, akakunja karatasi yangu, akasema atazungumza na kaka zake. Walichanga. Kijana alikwenda, nami nikaanza kuwafanyia wazazi wengine hesabu kabla ya hongera.

5. Mwanariadha ana saa ya mkononi, mchezaji wa mpira hana

Njia ya chuo cha Marekani si mpya kwa Mkenya. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3,000, kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Waliotoka Bonde la Ufa kwenda vyuo vya kule kabla yake na baada yake ni wengi. Kwa nini basi Pwani, ambayo klabu yake ya mpira, Feisal, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, haijapata mkondo kama huo?

Nimelifikiria sana. Mkimbiaji anatuma nambari. Dakika na sekunde zake zinasomeka Iten na zinasomeka Oregon, na kocha hahitaji kumwona ndipo amwamini. Mpira hauna nambari hiyo. Ukimwandikia kocha kwamba kijana alifunga mabao mengi kwenye ligi ya Jomvu, umemwambia nini? Hajui ligi, hajui mabeki, hajui hata kama uwanja ulikuwa na magoli yenye nyavu. Anachoweza kuamini ni macho yake, au mtu anayemwamini.

Mtu wa kuaminika hatunaye, kwa hiyo tunabaki na video. Piga ukiwa mahali pa juu. Sisi hutumia ghorofa isiyokwisha iliyo kando ya uwanja, kwa idhini ya mwenyewe. Weka duara au mshale kumwonyesha mchezaji kabla mpira haujamfikia. Dakika nne tano zinatosha, na uwe tayari kutuma mechi nzima wakiiomba, kwa sababu makosa nayo wanataka kuyaona. Na muziki, jamani, ondoeni. Nimeona video nzuri ikipigiwa singeli mpaka mtu anasahau kutazama mpira.

6. Anayetaka pesa kwanza si kocha

Hili fupi. Kocha wa chuo huandika kwa anwani ya chuo chake, na jina lake lipo kwenye tovuti ya timu. Hakwambii utume "ada ya majaribio" kwa M-Pesa. Wapo watu waliozunguka mitaa yetu na barua zenye nembo, wakakusanya pesa za wazazi, na simu zao hazipatikani tena. Kuna mawakala halali pia, wanaolipwa kwa kazi ya kuunganisha, lakini hakuna wanachokifanya ambacho kijana mwenye bando na subira hawezi kujifanyia.

7. Mpira wa chuo una vituko vyake

Kijana wetu wa viazi karai, aliyefika chuo kidogo katikati ya nchi ile, hunipigia simu usiku kwa sababu ya tofauti ya saa. Kituko cha kwanza alichonipa ni saa ya uwanjani: inahesabu kurudi nyuma, kutoka 45 hadi sufuri, watu wakiisoma kwa sauti kama wanaosubiri roketi. Cha pili, mchezaji aliyetolewa anaweza kurudi. Timu inabadilisha watu kama mpira wa kikapu, miguu mipya kila mara, kasi haishuki. Msimu wenyewe ni mfupi na umebanwa, Agosti hadi Desemba ukifika mbali, mechi mbili kwa wiki na darasa lipo palepale. Asiyesajili mzigo kamili wa masomo, yaani "credit" 12 kwa muhula, anapoteza sifa za kucheza, na mwenye F-1 anapoteza na hadhi yake ya mwanafunzi wa kigeni.

Huku tulimlea kuupoza mpira, kuukanyaga, kumngoja mtu akosee. Kule aliambiwa anachelewa. Alikaa benchi msimu mzima wa kwanza, na naamini sehemu ya lawama ni ya viwanja vyetu: ukicheza kwenye kipande kilichobaki kati ya ukuta wa yadi na barabara ya malori, unajifunza kumchenga mtu mahali padogo, hujifunzi kukimbia nafasi ya mita 40. Sasa anacheza. Anasomea uchukuzi na ugavi, na amenieleza mambo ya makontena ambayo mimi niliyezaliwa karibu na bandari sikuyajua.

8. Kusajiliwa nako hakumalizi maneno

Tazama tena majina yale. Bwana, baada ya ubingwa wa 2019, alipelekwa Nashville Oktoba 2020 katika biashara ya kubadilishana wachezaji, na huko hakucheza sana. Mayaka, chaguo la tatu, dakika zake za MLS zilikuwa chache. Olum, ambaye hakuchaguliwa na yeyote, ndiye aliyedumu. Nizar Khalfan, mzaliwa wa Mtwara (ambako kuna Mikindani nyingine, kongwe kuliko yetu), hakupitia chuo cha kule kabisa. Alijiunga na Vancouver Whitecaps mwaka 2009 na akawa nao walipoingia MLS mwaka 2011, Mtanzania wa kwanza kwenye ligi hiyo. Sioni kanuni inayounganisha haya yote, na anayedai kuiona namshuku.

Pesa nazo ziko chini ya uvumi. Mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara wa mwaka MLS kilikuwa dola 71,401 kwa wachezaji wa akiba na 89,716 kwa wale wa kikosi cha juu. Ni pesa nyingi ukizipeleka Mikindani. Ukizitumia Seattle, ukatoa kodi ya serikali na kodi ya nyumba, utaishi vizuri bila kujenga ghorofa Nyali. Madaraja ya chini, alikopitia Olum, hulipa pungufu ya hapo kwa mbali. Na mwanafunzi wa F-1 akihitimu ana miezi 12 ya ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na alichosomea; akitaka kubaki kama mchezaji, lazima klabu imwombee viza ya wanamichezo. Klabu ya daraja la chini hufikiria mara mbili kabla ya kulipa wakili kwa ajili ya beki wa akiba.

Kwa sababu ya mambo haya, utaratibu wa timu yetu umebadilika. Kijana mpya akija, namwuliza yuko kidato gani kabla sijamwuliza anacheza namba ngapi. Wa kidato cha pili anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa, na jina liwe lilelile lililo kwenye vyeti vya shule, kwa sababu Mohamed mwenye "m" moja na Mohammed mwenye mbili ni watu wawili mbele ya afisa wa viza. Wa kidato cha tatu anaanza pasipoti. Ripoti za muhula naziweka nakala kwenye faili la plastiki, kila mtu na lake. Wazazi wapya hudhani naendesha tuisheni, na wawili watatu wameshaniuliza ni shilingi ngapi kwa mwezi.